Baba alipunguzwa kazi mwaka 2019 na mshahara haujarudi: je, amezembea?

Swali: Shikamoo mwalimu. Baba yangu ana miaka 51. Alikuwa karani wa makontena kwenye CFS moja, yaani kituo cha makontena nje ya bandari, hapa Changamwe, Mombasa, kwa miaka 14, na mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi 58,000. Novemba 2019 akapunguzwa pamoja na karibu wenzake wote wa zamu. Februari 2020 akapata kazi kwenye kampuni ya malori, ikaja korona, na Aprili akawa miongoni mwa wa kwanza kutolewa. Akafanya vibarua hadi 2021, ndipo akaingia stoo ya vifaa vya ujenzi Mikindani. Yuko hapo mpaka leo, analipwa 36,000. Kiinua mgongo kiliishia kwenye karo na tuktuk iliyomshinda binamu yangu. Ami zangu kila tukikutana humwambia mwenye bidii angekuwa amesharudi alipokuwa, eti mchumia juani hulia kivulini. Baba hunyamaza. Sasa mdogo wangu anataka kuacha chuo cha ufundi aendeshe bodaboda asaidie nyumbani. Naomba kujua, ni kweli baba amezembea? Na nikipata jibu lako, nimsomee?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile unalolingoja: hapana, baba yako hakuzembea. Yaliyompata yamepimwa kwa maelfu ya wafanyakazi katika nchi zinazoweka kumbukumbu za mishahara mwaka hadi mwaka, na sura yake ni hiyo hiyo uliyonieleza. Mtu aliyekaa kazini muda mrefu akipunguzwa, kazi nyingine huipata. Mshahara ndio haurudi. Miaka mitano ikipita, sita, kumi, bado uko chini.

Utafiti uliowaamsha watu wa fani yangu, uchumi wa ajira, ulichapishwa mwaka 1993. Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan waliwafuata wafanyakazi wa Pennsylvania, jimbo la Marekani lililokuwa likiishi kwa chuma, miaka ile ya 1980 viwanda vilipokuwa vikifunga na kupunguza watu. Waliwachagua waliokuwa wamekaa na mwajiri mmoja miaka 6 au zaidi, watu wa aina ya baba yako hasa. Wakakuta kwamba hata miaka kadhaa baada ya kuondoka, waliopunguzwa walikuwa wakipata pungufu kwa robo nzima, asilimia 25 kwa mwaka, ya kile ambacho wangekuwa wakipata lau wangebaki.

Sasa wasikilize ami zako, kisha tazama namna utafiti ule ulivyofanywa. Hoja yao ni kwamba mtu asiyerudi alipokuwa ana kasoro yake mwenyewe. Watafiti nao waliijua hoja hiyo. Mfanyakazi mmoja akifukuzwa peke yake, waweza kusema labda alikuwa mchelewaji, labda mkorofi. Ndiyo maana waliwatazama watu walioondoka kwa mkupuo, kampuni inapopunguza sehemu kubwa ya wafanyakazi wake au kufunga milango kabisa. Hapo mwenye bidii na mvivu wanatoka kwa lango moja siku moja. Kisha wakawalinganisha na wenzao waliobaki kazini. Pengo likawa lile lile. Umesema zamu ya baba yako karibu yote iliondolewa. Haiwezekani zamu nzima iwe ya wavivu.

Kuna utafiti mwingine, wa 2020, ninaoupenda zaidi kwa swali lako. Marta Lachowska, Alexandre Mas na Stephen Woodbury walitumia kumbukumbu za jimbo la Washington, ambako waajiri huandika hata saa ambazo kila mtu amefanya kazi. Hivyo waliweza kutenganisha mambo mawili: je, aliyepunguzwa anapata kidogo kwa sababu anafanya kazi saa chache, au kwa sababu kila saa yake inalipwa kidogo? Baada ya miaka mitano saa zilikuwa zimerudi kwa kiasi kikubwa. Watu walikuwa wakidamka, wakienda kazini, wakitoka jasho kama zamani. Kilichobaki chini ni malipo ya saa. Muulize ami yako mkubwa baba yako hutoka nyumbani saa ngapi kwenda Mikindani, na zamani alitoka saa ngapi.

Kwa nini basi saa ile ile ya mtu yule yule ishuke thamani? Hapa ndipo penye mengi, na ningependa uelewe vizuri ili nawe uweze kueleza.

Chukua nambari ya kontena. Ni herufi nne na tarakimu saba, zimepigwa rangi mlangoni na ubavuni. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena, ya nne huonyesha aina ya chombo, tarakimu sita zinazofuata ni nambari yake, na ile ya saba, ambayo mara nyingi huwa ndani ya kisanduku chake, haihesabu chochote. Ni ya kuhakiki. Hupatikana kwa kuzichukua zote zilizotangulia, herufi zikiwa zimepewa namba zake, kila moja ikazidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea, jumla ikagawanywa kwa 11, na salio ndilo hiyo tarakimu (salio likiwa 10, huandikwa 0). Ukikosea hata herufi moja, mara nyingi hesabu hukataa. Karani aliyezoea hafanyi hesabu hiyo kichwani, lakini jicho lake limeona makontena mengi mno hata linashtuka kabla ya kompyuta. Huangalia karatasi, huangalia mlango, na kusema, hapa mbili zimepinduana. Pia anajua ni safu ipi mizigo ya wakala fulani hupangwa, dereva yupi huja na karatasi pungufu, nani wa kumpigia simu kontena la barafu likizima saa nane usiku. Hayo hayafundishwi chuoni. Baba yako alijifunza kwa miaka 14, na mwajiri alikuwa akimlipa kwa ajili yake, ijapokuwa hayakuandikwa popote kwenye hati ya mshahara.

Mikindani anahesabu mifuko ya saruji na vipande vya nondo. Anahesabu bila makosa, sina shaka. Lakini ujuzi wa kontena hauna mnunuzi pale. Mtaalamu mmoja, Derek Neal, alionyesha mwaka 1995 kwamba anayepunguzwa akahamia sekta nyingine hupoteza zaidi kuliko anayebaki katika sekta aliyoizoea, kwa sababu sehemu ya ujuzi wake haivuki naye. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma kwenye kiwanda cha nguo hapa mjini, na kilifungwa miaka ya tisini. Alikuwa akisikia kwa sikio uzi unaotaka kukatika katikati ya kelele za mitambo mia. Baadaye akauza vitambaa dukani kwa mtu. Mteja akishika kitambaa, yeye naye alikishika, akakipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akajua kilifumwa vibaya wapi. Mwenye duka hakumlipa hata senti kwa hilo. Kwa nini amlipe? Kitambaa kilikuwa kinauzwa vile vile.

Sababu ya pili ni mwajiri mwenyewe. Watu wawili wenye ujuzi sawa hawalipwi sawa: kuna kampuni zinazolipa vizuri, zina chama cha wafanyakazi, zina ngazi za kupandia, na kuna zinazolipa kima cha chini au karibu yake. Johannes Schmieder, Till von Wachter na Jörg Heining walipochunguza Ujerumani, walikuta sehemu kubwa ya hasara ya waliopunguzwa inatokana na kuhama kutoka kwa waajiri wanaolipa vizuri kwenda kwa wanaolipa kidogo. Kule Washington hilo lilionekana dogo zaidi, kwa hiyo sitakwambia ndilo lote. Lakini kwa Mombasa naliamini. Hapa kwetu, ukiacha wakulima wadogo na wafugaji, katika kila Wakenya sita walioajiriwa au wanaojiajiri, watano hivi wako jua kali. Ukitoka kwenye kazi yenye barua ya ajira, mlango ulio wazi karibu nawe ni wa upande ule.

Ya tatu imo ndani ya barua yako, ingawa umeipitia haraka. Kampuni ya malori ilimchukua Februari, ikamtoa Aprili. Ami zako bila shaka huhesabu hilo kama ushahidi wa pili dhidi yake. Tazama Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40: mwajiri anapochagua wa kupunguza anatakiwa kuzingatia muda mtu aliokaa kazini, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Ni kanuni ya haki, ilimlinda baba yako kwa miaka mingi. Lakini ukishaanza upya kwingine, inakugeukia. Aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Ann Huff Stevens aliliandika hili mwaka 1997: hasara hudumu kwa sababu aliyepoteza kazi mara moja hupoteza tena miaka inayofuata, na kila mara huanzia chini. Kosa la baba yako mwaka 2020 lilikuwa kuwa mgeni.

Na mwaka wenyewe una uzito wake. Reli mpya ilipoanza, na amri ikaja kwamba mizigo ya bara ipande treni ikakaguliwe Nairobi, vituo vya makontena vya Changamwe, Jomvu na Miritini vilipoteza kazi kwa pamoja. Unakumbuka maandamano ya Jumatatu ya 2019. Mtu mmoja akipunguzwa mji ukiwa na kazi, majirani wa kazi yake humchukua. Wote wakipunguzwa pamoja, hakuna jirani. Steven Davis na Till von Wachter walilipima jambo hili Marekani mwaka 2011, kwa wanaume waliokuwa wamekaa kazini angalau miaka 3. Ukipunguzwa wakati ukosefu wa kazi uko chini ya asilimia 6, jumla ya unachopoteza kwa miaka 20 inayofuata ni sawa na mshahara wako wa mwaka 1.4. Ukipunguzwa wakati umepita asilimia 8, ni mshahara wa miaka 2.8. Yaani mara mbili, kwa mtu yule yule, kwa sababu ya tarehe tu.

Geuza hizo ziwe miezi: karibu 17 wakati mzuri, karibu 34 wakati mbaya. Sasa weka kando yake kile sheria yetu ilichompa. Kiinua mgongo cha kupunguzwa kazi ni siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili, pamoja na notisi ya mwezi mmoja na siku za likizo ambazo hazijachukuliwa. Nusu mwezi mara 14 ni miezi 7. Kwa mshahara wake ni shilingi 406,000 hivi. Pengo la sasa ni 22,000 kwa mwezi, 264,000 kwa mwaka, kabla hatujakumbuka kwamba 36,000 za leo hazinunui kile zilichonunua 2019. Kwa hiyo hata kama asingegusa senti kwa ajili ya tuktuk, ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi pengo lingekuwa limezimeza zote. Tuktuk ilimpunguzia, ndiyo. Haikumwangusha. Na nchini hatuna bima ya kukosa kazi, ambayo Wamarekani wameizoea tangu miaka ya 1930, kwa hiyo hesabu zile za Pennsylvania ni za watu waliokuwa na mkeka chini yao wakianguka.

Niseme moja kwa wasomaji wengine. Madai ya kupunguzwa kazi kinyume cha sheria yana miaka 3, baada ya hapo Mahakama ya Ajira haiyapokei. Kwa baba yako mlango huo umefungwa. Kama wewe unayesoma ulipunguzwa mwaka jana na hukupewa notisi, au siku 15 zako hazikuhesabiwa, nenda kwa afisa wa kazi sasa, usingoje mwaka uishe.

Ami mmoja atauliza, mbona alikubali kazi ya stoo, angengoja ya makontena. Kungoja nako kuna bei. Watafiti waliwahi kutuma Marekani maelfu ya maombi ya kazi ya majaribio yenye sifa zinazofanana, tofauti ikiwa muda ambao mwombaji amekaa bila kazi. Kadiri muda ulivyoongezeka katika miezi minane ya mwanzo, ndivyo waajiri walivyozidi kutopiga simu. Baba yako alikuwa na watoto shuleni na korona ilikuwa bado haijaisha. Alichokifanya ndicho ambacho ningemshauri ndugu yangu.

Lakini sasa hali si ya 2020, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto alitangaza kwamba ukaguzi wa mizigo unarudi Mombasa. Kazi ya makontena imekuwepo tena mjini. Ujuzi wa baba yako una mnunuzi, na kwa kila nilichokueleza hapo juu, njia inayoelekea zaidi kupunguza pengo lake ni kurudi katika sekta ile, hata kama si kwa mwajiri yule. Je, ameuliza? Wanaume waliopunguzwa huona haya kuwaendea waliobaki. Kaka yangu alikuwa akivuka barabara akimwona mtu wa kiwandani. Miaka mingi baadaye tulikuja kujua kwamba wenzake wawili walikuwa wamepata kazi kwenye karakana ya mitambo na walikuwa wakimtafuta.

Kwa hiyo fanyeni hivi pamoja. Kaeni mezani, muandike majina ya watu kumi wa zamu yake ya zamani na mahali walipo. Si maombi ya kazi, ni salamu tu: upo wapi, kazi inaendeleaje, kuna nafasi inanukia? Kazi za aina hii hapa mjini hupita mdomoni kabla ya kufika kwenye karatasi. Pili, angalia kama alipewa cheti cha utumishi. Sheria inamtaka mwajiri ampe kila anayeondoka, kikitaja tarehe ya kuanza, kazi aliyofanya na tarehe ya kuondoka. Wengi huondoka na barua ya kupunguzwa pekee, na kuionyesha barua hiyo kwa mwajiri mpya ni kujitia unyonge. Kama hana, aandike akiombe, miaka imepita lakini kampuni ikiwepo hakuna ubaya kuomba. Tatu, asiache Mikindani kabla hajashika barua mkononi.

Akirudi, huenda asianzie 58,000. Sitaki nikupe matumaini nisiyoweza kuyasimamia. Akifika 45,000 atakuwa ameziba asilimia 40 hivi ya pengo, na mje mfurahi, msimkumbushe ya zamani.

Kuhusu mdogo wako, asiache chuo. Hapa sitapindisha. Philip Oreopoulos, Marianne Page na Ann Huff Stevens waliwafuata Kanada watoto wa kiume ambao baba zao walipoteza kazi kampuni zilipofunga. Watoto hao walipokuja kuwa watu wazima walikuwa wakipata pungufu kwa asilimia 9 hivi kuliko wenzao wa baba wa aina ile ile ambao hawakupoteza kazi, na maumivu yalikuwa makubwa zaidi kwa familia za kipato kidogo. Mapigo yanaweza kushuka kizazi kimoja zaidi, na mlango mmoja yanaoweza kupitia ni huo anaotaka kuufungua yeye, wa kuacha masomo. Bodaboda italeta pesa Ijumaa hii, nakubali. Kama karo ndiyo tatizo, aombe mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutolewa pia kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na aendeshe boda wikendi. Wewe ndiye mkubwa wake, zungumza naye wewe, asiambiwe na baba. Akiambiwa na baba atasikia mtu anayeomba radhi.

Jambo la afya nalitaja kwa kifupi, wala usiogope. Till von Wachter na Daniel Sullivan walirudi mwaka 2009 kwa wanaume wale wale wa Pennsylvania wakakuta kwamba mwaka uliofuata kupunguzwa, hatari ya kufa kwa waliokaa kazini muda mrefu iliongezeka kwa asilimia 50 hadi 100. Hatari hiyo hushuka kadiri miaka inavyokwenda, ila haiishi kabisa. Baba yako ameuvuka ule mwaka mbaya. Lakini mtu anayenyamaza kila akisutwa mbele ya wanawe anabeba kitu kifuani. Apimwe presha, hakikisheni mwajiri wake anapeleka michango ya SHA, ile bima ya afya ya jamii, na ami zako waambiwe wakome. Kama wewe huwezi kwa heshima ya umri, mama yako anaweza, au mumpelekee neno mzee wa familia wanayemwogopa.

Na ile methali yao. Mchumia juani hulia kivulini ni ya kweli kwa mwenye shamba lake na mti wake. Baba yako alichuma juani miaka 14, na kivuli kilikuwa cha mtu mwingine.

Umeuliza kama umsomee. Msomee, lakini si mbele ya ami, wala si siku ya kwanza. Akirudi leo mpe chai akae, umuulize ile tarakimu ya mwisho kwenye nambari ya kontena inapatikana vipi. Usimwambie kwamba umeshaelezwa. Mpe kalamu na karatasi, umwache akuonyeshe.